Watu wa Jumamosi wa Nyawera: huduma iliyonirudishia jina langu, na ombi langu kabla hawajaifunga

Wiki tatu zilizopita mmoja wa vijana waliokuwa wakitusaidia pale Nyawera aliniandikia. Anawauliza wote waliowahi kuhudumiwa: kikundi kimekaa kimya zaidi ya mwaka, je, kifungwe, kikabidhiwe wengine, au kifufuliwe? Jibu langu halikuenea kwenye ujumbe wa sauti. Naliweka hapa kama ninavyoweka maoni yangu juu ya huduma nyingine za mji huu, ili wenzangu wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, waliopita kwenye madawati yale walisome, nao waseme lao.

Kwa asiyewajua: walikuwa vijana saba, baadaye tisa, wengi wao wanafunzi au waliomaliza chuo, walioanza mwaka 2021 kusaidia watu bure kwa mambo ya utambulisho wa mtandaoni. Jambo lenyewe ni jepesi kuliko jina lake. Akaunti yako imeibwa. Umesahau nenosiri. Umepoteza kadi ya simu uliyofungulia akaunti. Mtu anatumia picha yako na jina lako kuomba watu pesa. Walikaa kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kwenye darasa waliloazimwa na shule moja karibu na Nyawera. Mlangoni hapakuwa na kibao. Sisi wateja ndio tuliowaita watu wa Jumamosi, na jina likakaa.

Mimi nina duka la fotokopi mtaa wa Kadutu, hatua chache chini ya soko. Mashine mbili, kompyuta moja, jenereta ndogo ya siku za delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu. Nachapa barua za kuomba kazi, natia kadi plastiki, nawafungulia watu barua pepe. Nimekwenda kwa vijana hawa kwa shida zangu na nimewapelekea watu wengi, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Nilianza kuwajua kwa machozi. Julai 2022, siku ya Alhamisi, saa mbili usiku, niliandikiwa kutoka namba ya mdogo wangu wa Uvira: «Yaya, nimekosea nimetuma namba sita kwenye simu yako, nirudishie haraka.» Namba sita zilikuwa zimefika kweli kwa ujumbe mfupi. Nikazisoma, nikazituma. Sijaweka hata simu mezani, WhatsApp yangu ikajifunga. Aliyekuwa akiandika hakuwa mdogo wangu. Yeye alikuwa ameibiwa yake mchana uleule, nami nikafuata.

Kufikia asubuhi mwizi alikuwa ameandikia wateja wangu karibu wote. Niko hospitali na mtoto, nitumie dola 50, kesho kutwa narudisha. Watatu walituma. Mmoja wao ni mjane anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alituma dola 30 alizokuwa ameweka kwa karo ya shule. Alituma kwa sababu ni mimi. Na kilichoniumiza kuliko pesa ni kwamba yule mtu alikuwa anaandika kama mimi: mimi humaliza maneno yangu kwa «Mungu akuzidishie», naye kila aliyemwomba alimwandikia hivyo hivyo. Alikuwa amechukua kinywa changu.

Jumamosi mteja mmoja akanipeleka Nyawera kwa moto, yaani pikipiki. Nikapokelewa na binti mwenye miwani, mwanafunzi. Hakuniuliza kwa nini nilituma zile namba. Swali lake la kwanza lilikuwa: «Mama, kadi ya simu bado iko kwako?» Iko. «Basi jina lako bado ni lako.» Tukaweka programu upya, namba sita mpya zikaja, nikaziingiza. Hapo ikadai namba nyingine ya siri ambayo mimi sikuijua. Mwizi alikuwa ameweka ulinzi wa hatua mbili juu ya mali yangu, na simu ikasema ningoje siku 7. Nikaanza kulia mbele ya watu.

Yule binti akavuta kiti karibu. Akanieleza kwamba zile siku 7 ni za mimi kungoja, si za mwizi kuendelea kuiba. Tangu dakika niliyoingiza namba zilizokuja kwa ujumbe mfupi, yeye ametolewa. Ili niamini, akampigia mteja wangu mmoja aliyekuwa anaandikiana na mwizi kwa makusudi ili kumchelewesha. Mteja akasema: amenyamaza katikati ya sentensi. Sitasahau jinsi mgongo wangu ulivyolegea.

Lakini hakuniacha niondoke. Alinipa karatasi, akaniambia niandike watu arobaini walio karibu zaidi na pesa zangu na moyo wangu. «Usiwaandikie, mama. Wapigie, wasikie sauti.» Unite, yaani salio la kupigia, alinitilia yeye. Nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu nikipiga simu hadi saa saba, na watu wawili waliokuwa tayari kwenda kutuma pesa wakaacha. Baada ya siku 7 nilirudi. Tukaweka namba ya siri yangu mwenyewe, tukaunganisha barua pepe ya kuirudisha nikiisahau, tukaangalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa kuhakikisha hakuna kompyuta ya mtu iliyobaki inasoma. Kwa kazi hii nawapa alama zote. Mjane wa sambaza nilimrudishia dola zake 30 mimi mwenyewe, kwa awamu mbili.

Kazi ya pili waliyonifanyia ni kubwa zaidi, na najua maduka mengi ya hapa yatajiona ndani yake.

Kijana anamaliza mtihani wa serikali, chuo kinadai barua pepe. Mama anaomba kazi kwenye shirika, wanadai barua pepe. Hana, au anayo na haikumbuki. Anakuja kwetu. Mimi namfungulia, nenosiri nachagua mimi, naliandika kwenye daftari langu ili akisahau aje aulize. Namba ya simu ya kurudishia akaunti naweka yangu, kwa sababu yake yeye inabadilika kila baada ya miezi miwili. Tulifanya hivyo kwa wema, na watu walitushukuru. Baada ya miaka tisa nilikuwa na daftari mbili, majina 412. Namba yangu ilishafika mahali ikakataliwa, kwamba imetumika kwa akaunti nyingi mno, nikaanza kutumia ya mama yangu, kisha ya kifungua mimba wangu.

Nilimweleza yule binti habari hizi kama jambo la kawaida. Akanyamaza, akamwita mwenzake, wakaniomba niwaonyeshe. Hawakunikaripia. Kijana akasema tu: «Mama, yule aliyekuibia alichukua WhatsApp peke yake. Angechukua kadi yenyewe ya simu, angeweza kudai nenosiri jipya kwa watu hawa wote.» Nikafungua daftari pale, nikaona majina ya watoto wa jirani, ya katekista wetu, ya dada yangu. Usiku ule sikulala.

Walifunga darasa Jumamosi nne mfululizo, wakahamia dukani kwangu. Tulipiga simu ukurasa kwa ukurasa. Mtu anakuja, anakaa kwenye kompyuta, anabadilisha nenosiri kwa vidole vyake mwenyewe, namba ya kurudishia inawekwa yake au ya ndugu anayemwamini. Wakati huo mimi nilitakiwa kutazama ukuta. Dukani kwangu mwenyewe, nikitazama ukuta, na nilikubali. Kila aliyemaliza tulimkata kwa wino mwekundu. Wazee wawili wasiojua kuandika walichagua nenosiri la maneno matatu ya lugha ya Kishi wanayoyakumbuka tangu utoto, na hao ndio hawajarudi kuniuliza hata mara moja. Tulimaliza 340. Sabini na wawili hawakupatikana: wengine wamehama, wengine wamefariki, namba nyingine zinapokelewa na watu tusiowajua. Kurasa zilizokwisha tukazichoma kwenye jiko la makaa nyuma ya duka. Majina 72 yakaingia kwenye bahasha, tukaifunga kwa gundi, wakatia sahihi juu ya mkunjo.

Bahasha hiyo ndiyo iliyonionyesha ni watu wa namna gani. Mei 2023 Google walitangaza kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 itaweza kufutwa, kuanzia Desemba mwaka huohuo. Vijana wakaja mbio. Nenosiri za wale 72 tulikuwa nazo. Kuingia mara moja tu kungeziokoa. Mmoja akasema tuingie, ni kuokoa tu, hatusomi chochote. Yule mwenye miwani akasema hapana, mlango wa mtu ni mlango wa mtu hata ukiwa na ufunguo wake. Walibishana asubuhi nzima, wateja wakingoja nje. Mwishowe hawakuingia. Walirudi kutafuta watu: kwa wachungaji, kwa wakubwa wa avenue, kwa mabinamu wa Kalemie. Wakapata 19 zaidi. Waliobaki ni 53, na bahasha iko nyumbani kwangu mpaka leo.

Sasa mapungufu yao, maana nimeahidi kusema yote.

Siku yao ilikuwa Jumamosi peke yake, na Waadventista wa mji huu si wachache. Nimewaambia mara mbili, hawakubadilisha.

Walishindwa kabisa shida ya majina. Sisi Wakongo tuna jina, posnomu (jina la pili, la asili) na prenomu (jina la Kikristo). Posnomu zilienea tangu mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipokatazwa, na prenomu zilirudi kwenye karatasi serikali ilipolegeza miaka ya tisini. Mtandaoni mtu anaweka prenomu na jina la utani, au «Mama» na jina la mtoto wake. Siku akaunti inapofungwa na anadaiwa kitambulisho, anatoa kadi ya mpiga kura, maana kwa miaka mingi hiyo ndiyo kitambulisho chetu, na majina hayalingani. Tena kadi nyingi za 2023 maandishi yake yamefifia hata mimi kwa fotokopi siwezi kuyarudisha. Papa mmoja mwalimu alikwenda Nyawera Jumamosi sita kwa shida hiyo. Akaunti yake yenye picha za marehemu mkewe haikurudi. Walichoweza ni kutufundisha wengine tuandike majina kama yalivyo kwenye kadi kabla mambo hayajaharibika. Kwa yule papa lilikuwa somo lililochelewa.

Na walipenda mno kueleza. Mmoja wao, kijana mrefu, alikuwa akianza na OpenID: kwamba tangu mwaka 2005 kuna watu waliotaka mtu awe na utambulisho mmoja anaoumiliki mwenyewe, auonyeshe popote, badala ya kila kampuni kumpa jina na kumnyang'anya. Kisha anaingia Persona ya Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, iliyoanza 2011, ikitumia barua pepe yako kama ufunguo bila nenosiri jipya kila mahali. Mama mwenye simu iliyoibwa dakika ishirini zilizopita hawezi kuyasikiliza hayo. Nilimwambia hivyo. Lakini habari ya Persona nilikuja kuihitaji baadaye, nami namshukuru kwa kuirudia hadi nikaishika.

Pungufu kubwa kuliko yote ni kuondoka kwao. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini. Watu walitawanyika, na wengi wa vijana hawa nao: Bujumbura, Kampala, Kinshasa. Kwa hilo siwezi kumlaumu mtu. Kila nyumba ya hapa ina kiti kitupu. Ila hakuna aliyebandika hata karatasi mlangoni. Na ulikuwa wakati ambao tuliwahitaji zaidi: benki zilipofungwa, simu ndiyo ikawa benki, na mwizi wa simu akawa mwizi wa kila kitu. Mlinzi wa ile shule aliniambia kwamba kila Jumamosi watu wawili watatu bado wanakuja wameshika simu mkononi, wanakaa kwenye ngazi, wanaondoka. Nilishangaa ni nani anayewatuma. Jibu nililipata juzi tu.

Mkutano wa kuamua ulifanyika Jumamosi iliyopita, darasa lilelile. Wanachama walikuwa watatu, yule binti mwenye miwani akiwa mmojawapo, ambaye sasa ni mama wa mtoto mchanga. Wateja tulikuwa kumi na mmoja. Walio mbali walisikiliza kwa simu mpaka mega za intaneti zikaisha.

Kijana mrefu alitaka kifungwe. Alisema kikundi kisichofanya kazi kinawadanganya watu, maana mtu anapanda moto kutoka Bagira akijua atasaidiwa. Akarudi kwenye Persona yake: Mozilla waliona haitumiki vya kutosha, wakatangaza Januari 2016, wakaizima tarehe 30 Novemba mwaka huohuo. Zaidi ya miezi kumi ya kuwaambia watu hameni. Akataja pia W3C, lile shirika aliloanzisha Tim Berners-Lee mwaka 1994 kwa viwango vya wavuti. Tangu 2011 linaruhusu mtu yeyote kuunda kikundi bila kulipa. Kikundi kikikaa bila kazi kinafungwa, lakini kilichoandikwa kinaachwa mahali pa kusomeka. Alisema vizuri, na hakuna aliyemkatiza.

Mwanachama wa pili alitaka wakabidhiwe wanafunzi wa informatika, yaani wanaosomea kompyuta. Papa mwalimu, yule wa picha za mkewe, akauliza: wakabidhiwe nini? Kuna orodha ya namba zetu. Kuna fotokopi za kadi zetu za mpiga kura kwenye kompyuta ya mtu. Tuliwapa ninyi, tuliowatazama usoni. Binti akamuunga mkono, akakumbusha kwamba nchi sasa ina sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, na habari za watu zimo ndani yake: hazigawiwi kama viti vya darasa. Kuhusu kufufua kwa kulipisha franka 2000 kila mteja tulizungumza kidogo tu, kwa sababu wamama watatu walikataa kwa sauti moja.

Mimi niliuliza swali moja: namba ya kikundi iko wapi?

Wakatazamana. Namba ile imeandikwa kwa kalamu kwenye ukuta wa duka langu. Imo kwenye kuta za maduka mengine mengi, kwenye vitabu vya nyimbo, nyuma ya betri za simu. Watu wanaipigia wakiwa na hofu, na mtu mwenye hofu anasema yote: namba zake za siri, jina la mama yake, kiasi alichobakiwa nacho. Namba isiyotumika haibaki ya mwenyewe milele. Kampuni ya simu inaweza kuichukua na kuiuza kwa mwingine. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika siku 120 kwa kawaida inafutwa, na yeyote atakayeshika kadi mpya yenye namba ileile atafungua yake safi, kihalali. Hata majina ya barua pepe yamewahi kugawiwa upya: Yahoo walitangaza hivyo mwaka 2013 kwa akaunti zilizokaa kimya mwaka mzima. Basi anayeinunua namba ile sokoni, kwa bei ya kadi tupu, anakuwa watu wa Jumamosi. Hahitaji kuiba. Watu watamletea wenyewe.

Nikawaambia: mlikuja dukani kwangu mkanifundisha kwamba daftari haliachwi wazi. Kikundi chenu sasa ndicho lile daftari.

Kadi ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mwenzao mmoja aliyeko Kampala. Tukampigia. Akasema aliiacha kwa mama yake anayekaa mtaa wa Panzi, lakini hajui kama bado ipo. Jumapili baada ya misa mimi na binti tukapanda moto, tukapita Essence, mvua ikinyesha, tukafika tumelowa. Mama yule ana zaidi ya miaka sabini. Akatukaribisha bugali na sambaza kabla ya kutuuliza tumefuata nini. Tulipotaja namba, akainuka, akaleta kopo la maziwa ya unga. Ndani mna kadi yake ya mpiga kura, hati ya kiwanja, na simu ndogo ya vitufe. Inawaka. Mwanawe alimwambia siku ya kuondoka: mama, usiache namba hii ife. Basi kila mwezi anaitia unite za franka 500, na umeme ukikosekana anaipeleka kwa jirani mwenye sola.

«Na watu wakipiga, mama?»

«Ninawaambia wanangu hawapo leo. Waje Jumamosi.»

Ndiye aliyekuwa akiwatuma wale wa kwenye ngazi. Kwa mwaka mzima amekuwa kikundi peke yake, naye hajui kusoma. Binti akafungua sehemu ya ujumbe mfupi. Ilikuwa imejaa mpaka haipokei tena. Tukasoma tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Wa zamani kabisa ulikuwa wa Machi 2025: mtu amepoteza kadi ya simu njiani akikimbia, akaunti ya pesa imefungwa, anauliza aanzie wapi. Ulikuwa na majibu yake rahisi kabisa, dakika kumi za mtu anayejua. Mwingine uliandikwa na mtoto. Binti alivua miwani akaifuta mara mbili.

Kwa hiyo maoni yangu juu ya huduma hii ni haya. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya mwaka ule bila karatasi mlangoni. Na kuhusu hatima yao, nilikwenda mkutanoni nikiwa tayari kukubali wafunge, mradi wafunge kwa taarifa kama wale wa Persona. Baada ya Panzi siwezi tena. Wanaotaka kufunga wanasema hakuna kazi, na kazi ilikuwa kwenye kopo la maziwa.

Nimependekeza, na watatu waliopo wamekubali kwa mwaka mmoja: fotokopi zote za kadi na orodha ya namba zifutwe mbele ya mashahidi, pamoja na nakala iliyoko Kampala. Aliyeko Kampala akubali kwa maandishi namba ihamishiwe jina la mtu anayekaa hapa. Kadi ya simu ibaki Panzi kwenye kopo lake, namba ya siri ya WhatsApp aijue binti peke yake, barua pepe ya kurudishia niishike mimi, ili asiwepo mmoja anayeweza kuwa kikundi kizima au kuondoka nacho. Wanafunzi wa informatika waje kujifunza kwenye dawati, bila kukabidhiwa majina ya watu. Ikifika mwaka na hakuna nguvu, tutangaze kwa miezi kumi kwenye kuta zilezile namba ilipoandikwa, kisha tuzime.

Darasa halipatikani tena kwa sasa. Huduma itakuwa dukani kwangu, Kadutu, ukishuka kutoka sokoni mlango wa bluu wenye maandishi FOTOKOPI, Jumamosi saa tatu hadi saa saba, na Jumapili kuanzia saa tisa mchana kwa Waadventista na wote wasioweza Jumamosi. Njoo na kadi yako ya simu hata kama simu yenyewe imeibwa au imekufa. Namba za siri usimwambie mtu, hata mimi. Bei hakuna. Wale 53 wa bahasha, kama uliwahi kufunguliwa barua pepe kwangu kati ya 2013 na 2022 na hujarudi, pita, jina lako lipo. Waliotuma ujumbe mfupi tumeanza kuwapigia kwa mpango wa tarehe, na juzi tulikuwa tumefika Juni 2025.